Fundi Anajibu: Fidi pampu ikichoka, injekta pampu ndiyo inayoumia

Toleo hili tumelitenga kwa jambo moja, maana barua nyingi zilizotufikia zinalia kilio kimoja: pikapu ya dizeli ambayo fidi pampu yake haitegemeki. Hii ni ile pampu ndogo inayovuta mafuta tenkini, ikayapitisha kwenye filta na kuyafikisha kwenye injekta pampu, ile kubwa inayoyasukuma kwa presha kubwa mpaka kwenye nozeli za injini. Pale ambapo kosa linaweza kuua kifaa cha gharama kubwa tumejibu kwa kirefu. Kwingine tumejibu kwa ufupi.

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Pikapu yangu ina injini ya lita 5.9, silinda sita, vali 24, yenye injekta pampu ya VP44. Fidi pampu ya umeme iliyoko ubavuni mwa injini imeshabadilishwa mara mbili kwa nyingine ya aina ileile. Sasa gari linagoma kuwaka likiwa la moto, na likipanda mlima na mzigo linaishiwa nguvu. Fundi ameunganisha kompyuta akapata kodi P0216, anasema ninunue injekta pampu. Ninunue?

JIBU: Usinunue chochote kabla ya kupima presha ya mafuta. P0216 maana yake VP44 imeshindwa kusogeza muda wa kupuliza mafuta kama kompyuta ilivyoagiza. Mara nyingi kilichoharibika ni pistoni ndogo ya ndani inayosogeza muda huo: imelika au inakwama, na hapo hakuna tiba ila kubadilisha pampu nzima. Lakini pistoni hiyo inaendeshwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo mafuta yakiingia kwa presha ndogo kodi hiyohiyo inaweza kutokea. Ukifunga VP44 mpya huku fidi pampu mbovu ipo palepale, mpya itakufa kwa ugonjwa uliomuua mwenzake.

Ni muhimu kuelewa kwa nini. VP44 hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na kupoozwa na dizeli inayopita ndani yake. Inapokea mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki yanarudi tenkini yakiwa yamebeba joto. Hata bodi ya elektroniki iliyokaa juu ya pampu hiyo inapoozwa na mafuta hayohayo. Sasa, VP44 ina kipampu chake cha mapanga ndani kinachoweza kujivutia mafuta kidogo, kwa hiyo fidi pampu ikifa injini haizimi papo hapo. Gari linaendelea kutembea huku presha ikiwa karibu na sifuri, na injekta pampu inasagika kimyakimya mpaka siku inapogoma. Kompyuta nayo haikuonyi, kwa kuwa haina kifaa cha kupima presha hiyo. Kodi P0230 inahusu mzunguko wa umeme wa fidi pampu tu. Pampu inayozunguka vizuri lakini haisukumi haitoi kodi yoyote.

Mfumo huu ulifungwa kwenye Dodge Ram kuanzia katikati ya mwaka wa modeli 1998 hadi 2002, na udhaifu wa fidi pampu yake unajulikana sana kwa mafundi. Kosa kubwa ni mahali ilipo. Pampu ya umeme ya aina hii ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Hapa imefungwa kwenye bloku, upande wa kushoto, chini ya filta, ikilazimika kuvuta mafuta kutoka tenkini kupitia urefu wote wa paipu za chesisi, huku ikipokea joto na mtetemo wa injini. Ukiibadilisha kwa ileile mahali palepale unaanza tu kuhesabu upya.

Kupima ni kazi rahisi. Kwenye paipu inayoingia VP44 kuna kiungo cha kupimia chenye sindano kama ya vali ya tairi, na kingine kiko kabla ya filta. Chukua geji ya 0 hadi 30 psi (kipimo cha presha) yenye hosi ndefu ya mafuta, ipitishe hosi chini ya boneti, kisha ifunge geji kwa utepe nje ya kioo cha mbele uweze kuisoma ukiendesha. Usiingize hosi yenye dizeli ndani ya kabini. Stata inapozungusha injini utaona kama 7 psi, na hilo lisikutie hofu, kwa sababu wakati huo kompyuta inaipa pampu umeme kwa vipandevipande. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kiwango cha chini ni 10 psi. Sisi tunapenda kuona 14 au 15. Kisha nenda barabarani na mzigo, weka gia ya juu, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde kumi hivi. Sindano isishuke chini ya 10. Ikigusa 5, paki gari mpaka umerekebisha, maana kila kilomita baada ya hapo unaila VP44.

Pima pia kwenye kiungo cha kabla ya filta. Tofauti kati ya viungo viwili ikizidi 5 psi, filta imeziba. Na usiridhike na presha pekee, pima wingi. Fungua paipu inayotoka kwenye filta, elekeza hosi kwenye chombo chenye alama za ujazo, gusa stata kidogo bila kuwasha injini kisha acha swichi kwenye ON. Pampu itazunguka kwa takriban sekunde 25, na ndani ya muda huo upate kama lita 1.3. Presha nzuri yenye mafuta machache maana yake kuna njia iliyobana.

Kuhusu kugoma likiwa la moto: tandaza vitambaa vilivyolowa maji juu ya VP44, subiri ipoe, jaribu tena. Ikiwaka wakati injini yenyewe bado ni ya moto, VP44 imelika au bodi yake inashindwa joto. Lakini utaratibu wetu haubadiliki. Rekebisha fidi pampu kwanza, futa kodi, tembea na mzigo ukiangalia geji. P0216 ikirudi huku presha ikiwa 14, hapo mpe fundi wako haki yake na ununue injekta pampu.

SWALI: Nimeshauriwa nihamishie fidi pampu kwenye chesisi karibu na tenki. Nahitaji vitu gani na kazi inaendaje?

JIBU: Ushauri mzuri, na tunaunga mkono bila kusita. Pampu ikikaa karibu na tenki, usawa wa mafuta au chini kidogo, mafuta yanaingia kwa uzito wake na pampu inabaki na kazi ya kusukuma tu. Kwa VP44 ya kawaida tafuta pampu iliyotengenezwa kwa dizeli, ya kuzunguka mfululizo, inayotoa 14 hadi 16 psi na yenye uwezo wa lita 350 hivi kwa saa. Usivutiwe na namba kubwa za presha. Hatupendi kuona zaidi ya 20 psi ikiingia kwenye VP44.

Vinavyohitajika: pampu yenyewe, chujio la awali, kama mita nne hadi tano za hosi ya dizeli yenye kipenyo cha ndani cha milimita 12 hadi 13, viungo vyake, klampu za bendi laini, mipira ya kufungia, relei (swichi inayoamriwa kwa umeme), fyuzi na kishikio chake, waya, filta mpya ya injini na geji ya kudumu. Klampu zenye meno ya skrubu zinazokata mpira ziache. Bendi yake inakula hosi, na kwenye upande wa kuvuta tundu la sindano halivuji mafuta nje, linaingiza hewa ndani, kwa hiyo huoni chochote sakafuni.

Uchaguzi wa vyuma nao una maana. Usitumie bomba la shaba wala viungo vilivyopakwa zinki. Shaba huharakisha kuoza kwa dizeli ikatengeneza gundi, na zinki hutengeneza uchafu mzito kama sabuni unaoziba filta na nozeli. Chuma kisichopakwa zinki, chuma cha pua na alumini ni salama. Kwenye nyuzi usizungushe utepe mweupe wa mabomba ya maji. Kipande chake kikikatika kinapita moja kwa moja kwenye tundu la injekta pampu. Tumia gundi ya maji ya nyuzi inayostahimili mafuta, na kwa viungo vya koni usitumie kitu chochote.

Anza siku ambayo tenki lina mafuta chini ya robo. Toa waya hasi wa betri zote mbili kama gari lina mbili. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, ila ikimwagika kwenye vyuma vya moto au karibu na cheche inawaka, kwa hiyo fanya kazi injini ikiwa ya baridi na uweke mchanga na kizimamoto karibu. Osha sehemu ya juu ya tenki na viungo vyote kabla ya kufungua. Mchanga unaoingia wakati wa kufungua ndio unaoua pampu mpya wiki ya kwanza.

Kulifikia tenki kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulishikilia kwa jeki na ubao mpana, ukalegeza mikanda yake na kulishusha. Ya pili ni kufungua boliti za bodi ya nyuma, ukatoa soketi ya taa na mdomo wa kujazia mafuta, ukaiinua bodi upande mmoja na kuiegesha juu ya magogo imara. Tukiwa watu wawili tunapenda njia ya pili, kwa sababu unaona kila kitu kwa juu na hubebi tenki kifuani. Ukilifungua, angalia vitu vitatu: kichujio cha kitambaa kilichoko mwisho wa mrija wa kuvutia, viungo vya plastiki vya kubonyeza ambavyo hupasuka kwa uzee, na uchafu mweusi wenye utelezi ulioganda chini. Uchafu huo ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji yaliyotulia chini ya dizeli. Ukiuona, safisha tenki lote kabla ya kuendelea, la sivyo utakuwa unabadilisha filta kila siku.

Mrija wa kiwanda wa kuvutia ni mwembamba na una makona. Wengi huweka mrija mpya mnene kupitia kifuniko cha juu. Ukifanya hivyo, kata mwisho wake mshazari wa digrii 45 na uache nafasi ya milimita 6 hadi 12 kutoka sakafu ya tenki. Ukigusa sakafu utavuta maji na matope, ukiuacha juu sana gari litakata kwenye mteremko tenki likiwa bado na robo.

Pampu ifunge upande wa ndani wa chesisi, juu ya mipira, angalau sentimita 30 kutoka bomba la moshi. Isiwe kitu cha chini kabisa cha gari, jiwe moja likiruka likaipiga itakuwa imeisha. Kabla ya kutoboa chesisi hakikisha upande wa pili hakuna waya wala paipu ya breki. Mshale ulioko kwenye pampu uelekee injini. Tunalisema hili kwa sababu hufungwa kinyume mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Chujio la awali liwe kati ya tenki na pampu, na liwe la matundu makubwa: wavu wa maikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150, au chujio la kutenganisha maji la maikroni 30 lenye eneo pana. Filta laini, ya maikroni 10 kushuka, ikae baada ya pampu tu. Ukiweka filta laini upande wa kuvuta utakuwa umemrudishia pampu mzigo uleule uliokuwa unaiua mbele.

Kutoka kwenye pampu peleka hosi mpya mpaka kwenye filta ya injini, na kutoka kwenye filta mpaka VP44. Zile boliti zenye tundu katikati zinazopitisha mafuta kwenye viungo vya kiwanda ni sehemu iliyobana sana. Ukiziacha, pampu nzuri itaonekana mbovu kwenye geji. Badilisha na viungo vilivyonyooka, au angalau weka wosha mpya za kila boliti. Hosi isipinde kwa kona kali, ifungwe kila sentimita 40 hivi, na pale inapopita penye ukingo wa chuma ivalishwe hosi nyingine kubwa juu yake. Fidi pampu ya zamani iondoe kabisa kwenye njia ya mafuta, na filta ya injini ibadilishe siku hiyohiyo, kwa kuwa pampu inayokufa humwaga vumbi la kaboni na vipande vya mapanga yake.

Geji iwe ya kudumu, si ya kupimia siku moja na kuondoa. VP44 hurusha mapigo makali kwenye paipu, na mapigo hayo huua kipima presha ndani ya muda mfupi. Weka vali ndogo ya sindano kati ya paipu na kipima, ifungue kidogo tu mpaka mshale utulie. Taa ya onyo inayowaka presha ikishuka chini ya 6 au 7 psi ni nyongeza tunayoipenda hata kuliko geji, maana dereva haangalii geji muda wote.

SWALI: Nimefunga pampu mpya karibu na tenki. Gari liliwaka kwa shida, likatembea kidogo, likazimika. Sasa linazunguka tu. Je, nimeharibu?

JIBU: Karibu hakika ni hewa. Kwanza ipe fidi pampu nafasi: gusa stata, acha swichi ON mpaka pampu inyamaze, rudia mara nne au tano. Sikiliza sauti yake. Inapovuta hewa inalia kwa sauti nyembamba, mafuta yakifika sauti inakuwa nzito na tulivu. Kisha legeza paipu za nozeli za silinda ya 1, 3 na 4 upande wa kichwa cha injini, nusu mzunguko wa nati, na uzungushe stata mpaka mafuta yatoke bila povu. Usizungushe zaidi ya sekunde 30 mfululizo, na upumzishe stata dakika mbili kabla ya kurudia. Kaza nati, washa.

Onyo zito linafuata. Njia hiyo ya kulegeza paipu ni ya mifumo ya zamani kama huu wa VP44. Kwenye injini za reli ya pamoja, ambamo bomba moja lenye presha kubwa hulisha injekta zote, usilegeze paipu ya presha kubwa injini ikiwa inazunguka au muda mfupi baada ya kuzimwa. Mafuta humo huwa na zaidi ya baa 1,000, na mchirizi wake unatoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha linaonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, mkono unaweza kukatwa. Hata kwenye mfumo wa zamani usipitishe kidole mbele ya nati iliyolegezwa. Shika kipande cha boksi.

Hewa ikirudi baada ya gari kulala usiku, tafuta inapoingia. Weka kipande cha hosi inayoonyesha ndani kabla ya pampu na kingine kabla ya VP44. Mapovu yakionekana kwenye cha kwanza, tatizo liko upande wa tenki: klampu, kiungo cha plastiki, au mpira wa chujio la awali. Kama cha kwanza ni safi na cha pili kina mapovu, kagua kifuniko cha filta na mpira wake, au pampu yenyewe. Kuna kipimo kingine kinachomaliza ubishi haraka: chomoa hosi ya kuvuta kutoka tenkini, itumbukize kwenye jerikani safi la dizeli lililo usawa wa tenki, endesha injini. Presha ikirudi vizuri na mapovu yakiisha, tenki na mrija wake ndio wenye makosa.

SWALI: Pampu yangu mpya inatoa 15 psi asubuhi, lakini injini ikipata moto inashuka hadi 9. Filta ni mpya. Nibadilishe tena?

JIBU: Subiri. Pima umeme kwenye vichwa vya pampu, pampu ikiwa inafanya kazi na injini imepata moto. Weka multimita moja kwa moja kwenye pampu, usipime kwenye betri. Kama betri ina volti 14 na pampu inapata 12, umepoteza volti mbili kwenye waya, na pampu inazunguka polepole. Tofauti isizidi nusu volti. Waya wa kiwanda uliokusudiwa kulisha pampu ndogo iliyo mbele ya gari haufai kulisha pampu kubwa iliyo nyuma.

Funga relei. Waya wa zamani wa fidi pampu uende kichwa namba 86, namba 85 iende bodi, yaani chuma cha gari kilichounganishwa na hasi ya betri. Kutoka betri chukua waya wa milimita za mraba 4, weka fyuzi ya ampea 15 au 20 ndani ya sentimita 20 kutoka betri, peleka namba 30. Namba 87 iende kwenye pampu. Waya wa bodi wa pampu uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kupakwa grisi, au uletwe mpaka betri. Nusu ya kesi za umeme tunazoletewa ni bodi mbovu. Usichukue amri ya relei kutoka swichi ya ufunguo peke yake. Ukitumia waya wa zamani, kompyuta inaizima pampu injini inapozimika, na gari likipata ajali paipu ikakatika, pampu haitaendelea kumwaga mafuta barabarani.

Pima na ampea pia. Presha ndogo huku ampea ziko juu kuliko kawaida: mbele pamebana au pampu inaanza kukwama. Presha ndogo na ampea chache: pampu imelika, inavuta hewa, au haipati mafuta.

Wenye pikapu za General Motors za dizeli ya lita 6.5 wana tatizo lao la jirani. Injini ikishawaka, umeme wa fidi pampu unapita kwenye swichi ya presha ya oili. Vidonge vya swichi hiyo huungua kwa kubeba ampea za pampu, pampu inakosa umeme, dereva anabadilisha pampu na tatizo linabaki. Badilisha swichi, kisha mzigo wa pampu uubebeshe relei ili swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu.

SWALI: Injini yangu ina fidi pampu ya mkono wa kamshafti, isiyotumia umeme bali kusukumwa na injini yenyewe, na injekta pampu ya VE. Fidi pampu imekufa. Naweza kufunga pampu ya petroli ya gari la injeksheni?

JIBU: Hapana. Pampu ya petroli ya injeksheni husukuma baa 3 hadi 4, yaani psi 40 hadi 60. VE inataka mafuta ya kuletewa kwa upole, kama 3 hadi 5 psi. Ukiilisha presha kubwa, sili ya shafti yake inashindwa, dizeli inaingia upande wa gia za taimingi na kuchanganyika na oili. Vilevile unavuruga presha ya ndani ambayo ndiyo inayosogeza muda wa kupuliza, na injini itaanza kugonga.

Kila mfumo una namba yake, na kuazimana pampu kati ya mifumo kumeharibu injini nyingi nzima. Injini ya Cummins ya vali 12 yenye injekta pampu ya P7100 inataka 17 hadi 22 psi bila kukanyagwa, na zaidi mwendo ukiongezeka. Injini ya Ford Power Stroke ya lita 6.0 haitakiwi kushuka chini ya 45 psi, na ikishuka zinazokufa ni injekta. Tafuta namba ya injini yako kabla ya kwenda dukani.

Ukitaka umeme kwenye VE, nunua pampu ya dizeli ya 4 hadi 6 psi, funga karibu na tenki, na lile tundu lililobaki ubavuni mwa injini lizibe kwa bamba na gasketi, la sivyo oili itamwagika. Lakini kama fidi pampu ya mkono inapatikana kwa ajili ya injini yako, sisi tungeirudisha hiyohiyo. Haina waya wala relei, na hudumu miaka mingi.

Jambo la haraka: chomoa kijiti cha oili leo. Mpira wa ndani wa fidi pampu ya mkono ukipasuka, dizeli huingia kwenye oili. Kama oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, usiwashe injini. Oili iliyochujuka inaua beringi, na ikipanda ikavutwa na injini, inaweza kuichoma na kujiongezea mwendo hata ukizima swichi. Badilisha pampu, mwaga oili yote, weka oili na filta mpya, ndipo uwashe.

SWALI: Pikapu yangu ya reli ya pamoja haina fidi pampu kabisa. Niongeze?

JIBU: Magari mengi yalitoka kiwandani hivyo, na pampu ya presha kubwa inajivutia yenyewe. Injini za Duramax za lita 6.6 za General Motors zilikuwa hivyo kuanzia 2001 mpaka 2016. Ya 2017 ndiyo iliyopewa fidi pampu ndani ya tenki. Kama gari lako ni zima, kazi zake ni za kawaida na filta zinabadilishwa kwa wakati, si lazima. Likibeba mizigo mizito mara kwa mara, au likiwa na pampu ya presha kubwa ya aina ya CP4 isiyovumilia hewa, tunaunga mkono uongeze ya presha ndogo, 8 hadi 10 psi, yenye njia ya kupitisha mafuta hata ikizimika, ili siku ikifa barabarani gari lijivutie kama zamani na likufikishe. Kabla ya hapo badilisha hosi za mpira zilizokauka kati ya tenki na filta. Mara nyingi hewa inayolalamikiwa inaingia hapo, na fidi pampu ikiongezwa juu ya hosi zilizopasuka, palipokuwa panavuta hewa patageuka kuwa panapovuja dizeli.